Bomba Linalokoroma Gatumba

Kaka Shakuru,

Sisi huku Gatumba wazima, ila nyumba haitulii. Simu zangu hupokei, basi nakuandikia.

Bomba la maji machafu bafuni linakoroma kutwa, hata kama hakuna aliyeoga. Nilizibua kwa waya, wapi! Fundi Namegabe alitega sikio akasema, "Apana, dada, haijaziba. Ziwa iko inapanda, inasukuma hewa huku. Muhame."

Majirani wote wameondoka. Mama amekaa kitako mlangoni: "Mutoto wangu akirudi, atatukuta wapi?"

Mi siwezi kumwambia. Mwandikie wewe, upesi, kwamba umeoa na kujenga Kalemie, na hutarudi tena.

Tangu asubuhi bomba limenyamaza. Hewa imeisha, sasa yanatoka maji.

Mdogo wako,
Houda