Kichupa cha Damu ya Chuma

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na watoto. Sisi hatujambo, Mama naye bado anagombana na magoti yake. Ningepiga simu, ila nakujua: ungecheka, ukate, urudi kwenye shughuli zako.

Unaikumbuka ile mashine mpya ya leza niliyokuonyesha maabara ulipokuja kututembelea? Tunaweka tone la damu, leza inalimulika, na mwanga unaorudi unachorwa kwenye skrini kama mstari wenye vilima. Tunaulinganisha na mstari wa mtu mwenye afya. Ukitofautiana nao sana, ini lina walakini.

Basi wiki hii tumeanza kuitumia, na vituko vikaanza. Aliletwa mzee mwenye macho ya manjano, tumbo limejaa maji. Mashine ikasema hana neno. Akafuata mama mmoja, hali ile ile, jibu lile lile. Nikafuta vioo, nikabadilisha leza, wapi! Nikapima damu yangu. Ikasema mgonjwa ni mimi. Nikampima mlinzi, yule anayebeba magunia mawili kwa mkupuo: naye mgonjwa. Halafu mistari ya wale wagonjwa ililala juu ya mstari wetu wa kulinganishia, kilima kwa kilima, kana kwamba ni mtu mmoja anayerudi kila asubuhi. Nywele zilinisimama, dada. Mlinzi anasema mashine ina pepo, haikaribii tena.

Daktari wa ini hakucheka. Aliniuliza tu mstari wa kulinganishia ni wa damu ya nani.

Nisamehe. Siku ile ulipotutembelea, nilipokutoa damu nikasema naangalia wingi wa damu, nilikudanganya. Nilitaka damu ya mtu mwenye afya, na nani kama wewe, uliyeitwa Chuma na Mama, hujalazwa hata siku moja? Utaratibu ulinitaka niipime kwanza kwa njia ya kawaida. Sikuipima. Niliona ni kukutukana. Jana nilipima iliyobaki kichupani, mara tatu.

Mashine haina kosa. Mgonjwa ni wewe.

Najua husikii maumivu. Daktari anasema ndiyo nafasi yenyewe, ini lako bado linatibika, ila hakuna kusubiri. Aliyekuletea barua hii ni dereva wetu. Nimemwambia asiondoke bila wewe, kwa hiyo usimkaribishe chai. Vaa viatu.

Wabusu watoto, waambie unakuja kwangu. Naogopa sana, dada.

Mdogo wako,
Kimbelembele