Mashine ya Kugawa Maji Kikwe

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, salamu zako zimefika. Babu yako hajambo, na mahindi yetu hapa Kikwe yamebeba.

Unauliza kama uache masomo ya kompyuta, kwa kuwa riwaya zinasema mashine zenye akili kutuzidi zitatutawala. Nilipokuwa na umri wako nilisoma riwaya moja ya aina hiyo, yenye mashine inayoongoza mji mzima bila ugomvi. Nikaenda kwenye kikao cha mfereji, wazee wanapogawa zamu za maji, nikawaambia mashine ingegawa kwa haki kuliko wao.

Jirani yetu Mama Eliapenda akacheka. "Wewe binti wa vitabu! Mwaka jana walininyima zamu, maharage yangu yakakauka. Mwenyekiti wao alikuja kwangu na pombe ya ndizi, akaniomba radhi mbele za watu. Hiyo mashine yako ikikosea, nani atakuja?"

Nilibisha mpaka jioni, unanijua. Usiku nikaifungua tena ile riwaya, nikitafuta nani angekuja kuomba radhi; hakuwamo.

Tangu hapo nimesoma riwaya nyingi za mashine, na nyingi nimegombana nazo, maana zinahangaika na ukubwa wa akili tu, hazisemi nani atawajibika mashine ikikosea. Wewe ukitoka darasani, swali la Mama Eliapenda litaulizwa na nani? Baki humo, mama, uwasumbue wanaotengeneza mashine hizo kama nilivyosumbuliwa mimi.

Bibi yako