Sifuri Ukutani

Mwenzangu uko wapi?? Nimejifungia stoo ya idara, kati ya maboksi ya chaki. Leo sitoki.

Si unamjua mkuu wetu wa idara, yule tunamwita Mzee Penseli maana kompyuta haziamini hata kidogo? Leo kaja kukaa nyuma ya darasa langu, aamue kama nithibitishwe kazini. Nikasema ngoja nimwoneshe dunia imefika wapi.

Nikachukua swali la vekta kwenye kijitabu cha idara, intigrali ndefu ya kukutoa jasho, nikaiingiza kwenye ile programu yangu ya hesabu. Kufumba na kufumbua, projekta ikatupa jibu ukutani. Fupi, safi. Nikajiona!

Halafu huu mdomo wangu! Nikafungua majibu kule nyuma ya kijitabu, nikaona la humo halifanani na langu kabisa. Nikawaambia wanafunzi, kwa sauti, "Aliyeandika hili alikuwa anasinzia."

ANASINZIA. Nimesema anasinzia, mwenzangu!

Mzee akanyoosha mkono, kama mwanafunzi vile. "Mwalimu, hebu iambie mashine yako ikokotoe jibu lako kutoa jibu langu."

Jibu LANGU. Kumbe kijitabu alikiandika yeye!

Nikaandika. Programu ikajibu: 0. Majibu ni yaleyale, yameandikwa tu kwa namna mbili. Sifuri hiyo, ukuta mzima, na projekta ikagoma kuzimika.

Mzee akachomeka penseli nyuma ya sikio, akainuka taratibu.

"Afadhali," akasema. "Nilishaanza kujiuliza nani kati yetu alisinzia."