Nyasi za Kando ya Barabara

Mpendwa Bibi Arlys wa ukurasa wa ushauri,

Kuna jambo sijamwambia mtu hata mmoja: ni mimi ninayewaingiza ng'ombe katika shamba ambalo serikali inamlipa baba yangu asilitumie.

Nimemaliza shule juzijuzi tu, na kila alfajiri, kabla magari hayajaanza kupita, nafungua lango la nyuma na kuwaswaga ng'ombe hadi katikati ya shamba, ingawa tunapewa ruzuku ili nyasi zikue na kware watage humo, na baba ameziacha kweli zikanifika kifuani, lakini kando ya barabara tu, anakopita mkaguzi na pikapu yake, huko ndani ni vumbi na mavi, na juzi nimekuta kiota kimekanyagwa, mayai yote yamepasuka, nikakifukia kwa kiatu kama mwizi.

Jirani yetu, nitamwita Mzee Orville, alipanda juu ya silo lake, lile ghala refu la nafaka, kuziba bati, akapaza sauti: "Jirani! Shamba lako kama kichwa changu, nywele pembeni, katikati uwanja!" Baba akamjibu, "Shuka, mzee, kiuno hicho hakina spea!" Wakacheka, mimi nikajificha nyuma ya trekta. Nadhani alikuwa anatania tu.

Sasa kaunti imemchagua baba kuwa mkulima bora wa uhifadhi, Jumamosi kwenye maonyesho atapewa kibao cha kutundika langoni, na mimi, ninayeona haya hata kuagiza soda, ndiye wa kusoma sifa zake jukwaani. Nilipomwambia siwezi, alicheka. "Soma tu, mama. Una sura ya kanisani, nani hatakuamini?" Mezani anamwomba Mungu awabariki ndege wa kondeni huku anakata nyama ya ng'ombe walewale. Nampenda, lakini siku hizi namdharau, na kumdharau baba kunaniumiza.

Nakuomba usimwambie mtu yeyote mimi ni nani.

Mwenye Haya, Nebraska

Mwenye Haya, mjukuu wangu,

Pole. Kuchaguliwa udanganye watu kwa sababu una uso wa ukweli ni tusi, na baba yako hata hakujua kwamba ametukana.

Mkulima bora wa uhifadhi! Alichohifadhi ni pazia. Anadhani macho ya serikali yako ndani ya pikapu tu, wakati ndege inayopiga picha mashamba yetu kila kiangazi hairuki kando ya barabara.

Lakini wewe nawe usijifiche nyuma ya trekta. Lango halijifungui. Kesho alfajiri baki kitandani, na akikuita, mwambie: "Baba, lango sifungui, na Jumamosi sisomi." Huhitaji jukwaa kwa maneno hayo. Atafoka, mwache afoke, chai yake itapoa. Akinyamaza, mwambie aende ofisi ya kilimo mwenyewe kabla ya Jumamosi, akakiri, akikatae kibao na kurudisha alichokula. Akienda kwa miguu yake ataaibika wiki chache. Akingoja kufuatwa, ataaibika akiwa jukwaani, na wewe pembeni yake umeshika karatasi. Mwambie utamsindikiza mpaka mlangoni, maana unampenda. Akikataa, usipande jukwaani hata akulilie.

Siri yako naitunza kama ulivyoomba. Ila mzee yule alikuwa juu ya silo, mjukuu wangu. Kutoka kule hakuwa anatania.