Picha Niliyokatazwa Kupiga

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, Kariakoo yote matope.

Mliopita hapa wiki jana mnajua nimetoka Lesotho, milimani, ambako nilikaa siku nne kwa mama mmoja mjane. Niliandika habari za baridi, farasi na mablanketi. Nikaweka picha ya binti wa kaka yake akicheka mlangoni, na jina la kijiji nikalitaja.

Sikuandika kwamba yule dada wa pichani alikuwa amejificha pale. Namwita Lineo, si jina lake. Alimkimbia mume aliyemvunja mkono. Alinisimulia mwenyewe tukiota moto, kisha akasema, "Mimi usinipige picha."

Nilimsikia. Asubuhi yake alicheka, mwanga ulikuwa mzuri, nikapiga.

Leo nimefungua duka langu la vitenge, nikafungua na simu. Chini ya ile picha mtu ameandika kwa Kiingereza, jana jioni: huyo ni mke wangu, asante, sasa najua alipo.

Mama Neema wa duka la jirani alinikuta nimekaa sakafuni, nalia.

"Umefiwa?"

Nikampa simu, nikamweleza.

"Futa kwanza," akasema. "Halafu piga simu huko. Kulia utalia baadaye."

Nilifuta. Lakini aliyeona ameshaona. Kutoka mjini kwake mpaka chini ya mlima ni nusu siku kwa gari, kisha saa tatu juu ya farasi. Na kama aliondoka alfajiri?

Kijijini hakuna mtandao. Namba pekee niliyonayo ni ya Thabo, naye nimembadilisha jina, aliyenipandisha mlimani na farasi wake. Haipatikani. Haipatikani. Mteja akataka doti mbili, nikamfungia tatu. Mama Neema akanisogeza pembeni, akamhudumia yeye.

Saa nne na robo Thabo akapokea. Nilieleza bila kupumua.

"Natandika farasi," akasema.

Basi nikabaki kusubiri.

Saa kumi na moja akapiga. Yule mume alifika kweli chini ya mlima, akataka kukodi farasi. Wenye farasi wote walimjibu kuwa wanyama wamechoka, akaanza kupanda kwa miguu. Lineo alikuwa ameshaondoka.

"Nimempeleka kwa—"

"Usiniambie!" Nilipiga kelele mpaka wapita njia wakageuka.

Akampa Lineo simu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilikuomba jambo moja tu."

"Nisamehe, dada yangu."

"Shangazi amekataa kuondoka. Hawezi kuacha kondoo wake. Majirani wameenda kukaa naye, lakini huyo mtu akifika, ni mlango wa shangazi atakaoupiga mateke."

Hakusema amenisamehe. Simu ikakatika.

Nimeondoa picha zote za milimani. Mnaouliza kwa nini, ndiyo hiyo sababu. Msinitetee kwenye maoni, tafadhali. Sikuteleza. Niliambiwa, nikafanya.

Kukipambazuka nitampigia Thabo, nimuulize habari za shangazi tu. Za Lineo sina tena haki ya kuuliza.