Neno Nililomnyima Mama Kelvin

Jumamosi, 11 Aprili

Darasa la rangi za maji, kama kawaida. Nimelowesha karatasi, nimechovya brashi, mlima ukachuruzika wote hadi chini. Mwalimu Mkude: "Maji mengi, Mama Twaha." Kila wiki maji mengi.

Mama Kelvin kaanza Jumamosi iliyopita tu. Mimi ndiye niliyemleta. Tunafundisha shule moja, alikuwa analalamika wikiendi hana la kufanya, nikajitia wema. Leo kachora Uluguru na ukungu wake. Mtu wa Mwanza! Mgeta, huko juu mlimani, hajawahi kufika. Mimi nimezaliwa kule, nimebeba kabichi kichwani ndani ya ukungu huohuo, na wangu umetoka uji wa dona.

Nimeona wivu. Wa tumboni kabisa.

Jumatano, 15 Aprili

Ujumbe kwenye grupu. Jumamosi ya tarehe 25 Mwalimu atachagua picha moja ya Uluguru, itundikwe mapokezi ya hosteli inayotuazima ukumbi.

Nimempigia mama yangu, kule Mgeta. Nimemwambia itakuwa yangu. Kasema atateremka na lori la mboga aje aione. Mdomo huu!

Jumamosi, 18 Aprili

Kumbe nyeupe haipakwi. Unaiacha. Ukungu ni karatasi ambayo hukuigusa. Nimejua leo, kwa kumchungulia Mama Kelvin. Yeye kalijua lini? Nani kamwambia?

Picha yake ilizungukwa kama maiti ya mtu maarufu. Bi Saumu akasema mashallah. Dada wa benki, mashallah. Hata Mwalimu. Kwetu kitu cha mtu hakisifiwi kikavu, kitapatwa na jicho. Mtoto mnene, gari jipya, nywele ndefu, unatanguliza mashallah ndipo unasifu.

Mimi nikasema, "Nzuri sana." Nikaishia hapo. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Nimelimeza kwa makusudi.

Tumeacha picha zote mezani zikauke.

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua ya jana imepenya bati la ukumbi. Meza nzima ya picha, tone limechagua ya Mama Kelvin. Mbingu imemwagikia mlima, bluu tupu.

Nilifurahi. Sina wa kumwambia ndiyo maana naandika. Kisha nikalikumbuka lile neno nililolimeza.

Najua bati ni bovu. Mwaka jana lilivujia harusi ya watu. Najua. Lakini mbona yake tu?

Yeye mwenyewe anachekesha ofisi nzima ya walimu: "Uluguru kumepata mafuriko!" Nimeshindwa kucheka. Nimesahihisha madaftari ya darasa la tano, sijui hata nimeweka vema wapi.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimechora upya. Nimeacha ukungu wazi, sikuugusa. Imetoka. Naitazama na bado nasikia kinyongo, maana hata hili nimelipata kwake.

Jumamosi, 25 Aprili

Mwalimu kachagua yangu.

Mama kafika na kilemba chake cha sikukuu, kasimama mapokezi, kaonyesha kwa kidole, mle pichani, njia ya kwetu. "Hapa ndipo tunapopumzikia." Nilitamani furaha ije. Haikuja.

Mama Kelvin alikuwa kachora nyingine haraka haraka, mlima umepinda. Alimwamkia mama shikamoo, akasimama mbele ya picha yangu muda mrefu. Kisha akanigeukia. "Mama Twaha, vile huwa mnasemaje? Mashallah, eeh? Mashallah, jamani. Isije ikapatwa kama yangu."

Hakuwa na lake rohoni. Ndilo linaloniuma. Kalisema vizuri kabisa, kama mtu aliyezaliwa nalo.

Nikasema asante. Wenzangu walipomchukua mama kwenda kunywa chai, nilirudi ukumbini kuosha brashi. Picha ya Mama Kelvin iliyopinda ilikuwa mezani, bado mbichi. Nimeisogeza mbali na pale bati linapovuja.

Nikaisemea mashallah. Hakukuwa na mtu.