Kinywa Kwenye Runinga ya Mapokezi

Shoga, niko nje ya kliniki ya meno. Nimetoka mbio nisije nikapasuka kwa kicheko!

Si nimemsindikiza shangazi, mumewe anang'olewa jino? Daktari ana kamera ndogo ya kuingiza mdomoni. Kumbe video imeunganishwa kimakosa na runinga ya mapokezi! Tukaona kinywa kizima, kama pango.

Shangazi akadakia: "Jamani, meno gani haya? Mkewe anambusu vipi?"

ANAMBUSU VIPI, shoga!

Mara midomo ya kwenye runinga ikacheza, na sauti ya mumewe ikatoka chumba cha pili: "Daktari, taratibu, mke wangu yuko hapo nje."

Watu wote wakamgeukia shangazi.

Shangazi akanitazama, mkavu: "Mwanangu, hivi shangazi yako amekwenda wapi?"